Sifa za Giza la Amani

Wapiga picha wa ndege wadogo hulaani giza la msituni kila wakikutana. Mimi nalisifu, na nalisifu hasa lile la Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Saa nne asubuhi jua linaweza kuwa linawaka juu ya mashamba ya chai, lakini ukiingia hatua chache chini ya miti mikubwa, kamera inakuonyesha kwamba mwanga hautoshi.

Aiso, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, iko 3200, lenzi imefunguliwa mpaka mwisho, f/4, na kasi ya shata haizidi 1/60 ya sekunde. Ndege wa sentimita 13 akigeuza kichwa tu, picha imeharibika. Ukipandisha aiso hadi 12800 unapata kama 1/250, ila chenga zinajaa na vinyoya vya shingoni havionekani tena kimoja kimoja.

Hapo ndipo giza linapokulazimisha umjue ndege. Chukua Sheppardia sharpei, wa jamii ya kurumbiza: mgongo wa kahawia, koo na kifua vya rangi ya chungwa iliyofifia, mstari mfupi mweupe juu ya jicho. Anaishi karibu na ardhi, na siafu wakipita huwafuata ili adake wadudu wanaokurupuka mbele yao. Anatua kwenye kijiti, anatulia, anashuka kudonoa, anapanda tena. Ule utulivu wa kijitini, mfupi sana, ndio unaotoshana na 1/60. Ukishaujua, unaanza kuusubiri, na unakuwa umemtazama ndege kweli. Mwenye mwanga tele hubonyeza mfululizo akachague nyumbani. Hana sababu ya kutazama hivyo.

Tena kivuli kina mwanga mzuri. Jua likipenya matawini huanguka kwa madoa: tumbo jeupe linaungua, mgongo unazama kwenye weusi, na hakuna kompyuta itakayorudisha kilichoungua. Siku ya mawingu, chini ya miti iliyoshikana, ndege anaangazwa sawasawa pande zote na lile chungwa la kifuani linaonekana lilivyo. Majani huitia picha ukijani kidogo, lakini huo unarekebishika. Flashi siitumii. Ndege hawa wana macho makubwa yaliyozoea mwanga hafifu, na sioni haki ya kuwamulika usoni ili mimi nipate kasi.

Na giza hilo ni miti yenyewe. Hifadhi ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, baada ya miaka mingi ya kuvuna mbao katika milima hii, na penye mapengo ulienea Maesopsis, mti ulioletwa kutoka kwingine. Mahali palipofunguka, 1/500 inapatikana bila shida. Ndege wa ndani ya msitu kama huyu hapendi kukaa hapo.

Ndiyo maana inaniuma kukuta kando ya njia vichaka vilivyopunguzwa matawi ili mwanga uangukie kijiti ambacho ndege amezoea kutua juu yake. Anayekosa mwanga atafute lenzi ya f/2.8, aweke kamera juu ya tripodi, au arudi siku nyingine. Tawi aliache.