Choo Chenye Pembe

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya kusanyiko, nikafumba macho, nikamshukuru Mungu kwa dakika nne nzima kwa ajili ya choo. Choo chenyewe kilikuwa kimefungwa kamba kwenye mguu wa mimbari, kina ndevu, na kilikuwa kinatafuna ua la plastiki la akina mama wa kwaya.

Leo ni Alhamisi. Nikipita soko la Nkhotakota, wauza samaki wa usipa wananiamkia kwa heshima iliyozidi kipimo. Ukiona watu wameanza kukuheshimu ghafla, jua kuna jambo wanalikamilisha ukishapita.

Yalianza hivi. Kanisa moja la Ulaya linalosaidia makao yetu ya watoto lilituma wageni wanne, na wageni wakatuma ujumbe mbele yao: tunawaletea beberu. Mtanzania wa umri wangu, aliyekua na redio inayomtahadharisha asubuhi na jioni juu ya mabeberu, hawezi kuambiwa na Wazungu kwamba wanamletea beberu akabaki na uso mkavu. Nilicheka siku mbili, peke yangu, maana hapa Malawi sikuwa na mtu wa kucheka naye. Kwa Kichewa beberu ni tonde, na tonde hajawahi kutawala nchi ya mtu.

Neno tonde nilikuwa nalijua. Naomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu. Ningesema tonde, nikasema amina, nikakaa, leo ningekuwa mtu. Lakini nilipomwona yule mnyama akishushwa kwenye lori, mrefu, mweupe pe, anatutazama kama mkaguzi wa hesabu, tonde lilionekana neno dogo. Nikataka kusema mbuzi mkubwa, limbuzi, mbuzi wa kutisha. Nikaamua kuliunda neno mwenyewe.

Hapa itabidi mnivumilie, maana kosa langu lilikuwa la kisomi.

Ukiingia Kichewa ukitokea Kiswahili, wiki ya kwanza unajiona umeshukiwa na Roho kama siku ya Pentekoste. Maji ni madzi. Mji ni mudzi. Jina ni dzina, jino ni dzino, jua ni dzuwa. Mgiriama wa Kilifi angeteremka hapa kwenye basi na kuomba maji bila mkalimani, kwa sababu kwao pia ni madzi. Nikatunga kanuni: penye j yetu, weka dz yao. Kanuni ikanipa chai, ikanipa mahali pa kulala, ikanipa sifa kwa mchungaji, ambaye alitangaza kwamba amayi huyu, yaani mama huyu, ana kipawa.

Kanuni ikifanya kazi sana hugeuka ugonjwa. Nikaanza kubandika d hata mahali ambapo hapakuwahi kuwa na j. Mbuzi hana j. Mbuzi ni mbuzi Lamu, ni mbuzi Kilifi, ni mbuzi Nkhotakota, neno limetembea Afrika nusu nzima bila kuvua kofia. Ila kinywani mwangu akawa mbudzi. Na cha kuuma ni kwamba Washona wa Zimbabwe humwita mbudzi hasa. Kwa hiyo nilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa nilitakiwa kuwa nimesimama ng'ambo ya Zambezi.

Kisha kuna suala la ukubwa. Kiswahili kikitaka kukidunisha kitu hukipa ki-: kitoto, kijumba, kijitu. Kichewa kina kiambishi hichohicho, ila wao hukitamka chi-, na kazi yake wameipindua juu chini. Kijumba chetu ni cha kujikinga mvua. Chinyumba chao ni jumba la tajiri. Kijitu chetu unakipita bila salamu. Chimunthu chao ni jitu, unakipisha njia. Kwa udogo wao wana ka-, kanyumba, kama sisi tunapoongea ovyo. Jambo hili lilinifurahisha mno nilipoligundua. Nilikaa usiku mzima na taa ya sola nikikuza kila kitu cha ofisini. Lugha mbili ndugu, kiambishi kimoja, huku kinapunguza, kule kinafura. Nililala nikimsifu Muumba wa ngeli.

Sasa chukua mbudzi wangu. Mwekee chi- mbele.

Chimbudzi, kwa Kichewa, ni choo. Choo cha shimo, kile cha nyuma ya nyumba. Nililijua na neno hilo pia! Nimelisema mara elfu, nikiuliza nani hajanawa mikono. Ila ubongo wangu ulikuwa umeliweka neno hilo kwenye rafu ya usafi, na mbuzi kwenye rafu ya mifugo, na rafu hizo hazikuwahi kutazamana mpaka Jumapili, saa nne na nusu asubuhi, mbele ya mfumu, chifu wa kijiji.

Nikitafsiri kwa uaminifu, niliomba hivi: Ee Mungu wetu, tunakushukuru kwa choo hiki kikubwa, kizuri, kilichotoka mbali. Tumekiona kwa macho yetu, na watoto wamekishika ndevu. Ukibariki, Bwana, kiwe na nguvu. Majirani walete majike yao kwake. Kizae katika kila nyumba ya kijiji hiki, ili watoto wanywe maziwa yatokanayo nacho, na wageni wetu waliojinyima kwa ajili ya choo hiki uwalipe mara mia.

Kichewa kina upatanisho wa kisarufi kama Kiswahili, kwa hiyo hata aliyesinzia pale mwanzo alipewa nafasi nyingine katika kila neno: chachikulu, chokongola, chi- na cha- na cho- zikigonga mabati mpaka mwisho.

Wamalawi ni watu waungwana kupita kiasi. Hakuna aliyecheka. Mfumu alishikwa na kikohozi kirefu. Kwaya nzima ilifunika uso kwa vitambaa kama msibani. Bibi mmoja wa mstari wa mbele alisema "Ameni" taratibu, kwa sauti ya mtu anayeomba jambo hilo kwa dhati. Watoto chini ya miaka sita ndio waliolipuka, wakatolewa nje, na vicheko vyao vikaendelea kuingia madirishani wakati nikiomba kizae.

Ningeweza kupona hapo. Lakini wageni walikuwa na mkalimani, kijana wa sekondari aliyefundishwa kwamba dhambi ya mkalimani ni kuongeza au kupunguza. Hakuongeza, hakupunguza. Nilipofumbua macho niliwakuta wageni wanne wakitazama beberu wao kwa mashaka.

Mpishi wetu alinifuata jikoni. "Amayi, pepani," akaanza, yaani samahani, na mtu akianza na pepani jua umekwisha. Akanieleza. Nikamuuliza, je, ningeacha ile d, nikasema chimbuzi? Akafikiri kwa huruma. "Tungesikia kilekile, Amayi."

Askofu Chauncy Maples, mmisionari wa zama zile, alizama katika Ziwa Malawi mwaka 1895, akazikwa hapahapa Nkhotakota. Alikufa majini kama mtume. Mimi nimezama katika konsonanti.

Tangu Jumapili ile nimekuwa nikimchunguza mnyama yule, na nasikitika kutangaza kwamba sikukosea sana. Yeye ni Saanen, mbuzi wa maziwa aliyepewa jina la eneo lao la asili huko Uswisi. Majike ya aina hiyo ni hodari wa maziwa. Mbuzi wa hapa ni wadogo, wagumu, na maziwa yao yanatosha mtoto wao na shukrani. Dume moja la damu ile likipandishwa kwa majike ya kijiji, vitoto huwa nusu kwa nusu, na hiyo ndiyo hesabu ya mradi mzima. Sharti moja: binti zake wakikaribia kupevuka, yeye ahamishwe akazae kwingine, la sivyo atawapanda wanawe. Mradi ulikuja na picha za mbele na za ubavu. Habari ya kumhamisha nilielezwa na mfumu.

Halafu kuna harufu. Nyuma ya pembe za beberu kuna tezi zinazotoa mafuta yenye uvundo wake. Hilo halimtoshi. Wakati wa kutafuta majike hujipinda, akajikojolea ndevu, kifua na miguu ya mbele, kwa shabaha ambayo wavulana wetu wa bweni hawajaifikia. Sisi tunaona kinyaa. Majike wanasikia marashi ya pwani. Ukimfuga karibu na wanaokamuliwa, hata maziwa huweza kunuka yeye. Jumatatu asubuhi nilimwona akijipaka, nikarudi ofisini nikakaa. Kumbe kinywa changu kiliona mbali.

Tena ngozi yake ni nyeupe, jua linamuunguza. Tumempangia zamu ya kivuli. Watoto wawili wawili, baada ya shule, wanamhamisha beberu kutoka mwembe hadi mwembe jua linavyozunguka. Nimejiuliza redio ya utotoni ingesema nini.

Watoto wamempa jina. Msiniulize. Jioni utasikia, "Kafunge Chimbudzi," na mtoto mdogo aliyebanwa anasimama njia panda hajui aelekee wapi.

Na hilo la kubanwa ndilo linalonitoa kwenye mzaha. Tuna watoto 38 na matundu mawili ya choo, na moja limejaa tangu mvua za mwanzo wa mwaka. Nimeandika andiko la mradi mara mbili, lenye mchoro, vipimo na idadi ya matofali. Jibu lilikuja la upole: mwaka huu kipaumbele ni miradi inayoonekana. Sikulaumu, maana nimezijua kamera za wageni. Mtoto na mbuzi ni picha. Mtoto na choo si picha. Nani atabandika tundu la choo kwenye ubao wa kanisa lake, karibu na maua?

Mgeni mmoja, mama mwema kabisa, alinikuta nimeshika birika akaniuliza, "Mmisionari yuko wapi?" Nilikuwa na mdomo wa kujibu kwamba ni mimi. Lakini mkono wake ulikuwa umeshamfikia kijana mwenzao wa kujitolea, mwenye wiki tatu hapa na kofia pana, akimpongeza kwa miaka yote aliyojitoa kwa watoto hawa. Kijana akawa mwekundu kama nyanya. Mimi nikamimina chai. Huo nao ni utumishi.

Na hao watoto wenyewe, wengi wana agogo wao, yaani babu na bibi, wengine umbali wa nauli moja ya matola, zile pikapu za abiria. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Nakubaliana nayo neno kwa neno. Lakini fedha zetu huja kwa mtoto aliyelala kwenye kitanda chetu. Siku anaporudi kwa bibi yake, bibi anapokea mtoto, na fedha zinakoma mwezi uleule. Hakuna mfadhili aliyewahi kuniomba picha ya agogo. Kwa hiyo kila mwezi nahesabu vichwa, najaza fomu, natuma.

Mvulana mmoja wa darasa la sita alisoma shuleni habari za Jumbe, yule mfanyabiashara aliyefika Nkhotakota katika miaka ya 1840 na watu wake wa pwani, wakavusha pembe na watumwa ziwani kwa majahazi kuelekea Kilwa. Akaniuliza, "Amayi, hao Waswahili ni ndugu zako?" Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa bara. Lilikuwa jibu la woga, na nililitoa nikiwa nimeshika ile fomu ya vichwa.

Wiki haikuishia hapo. Jumatatu, kwenye kizuizi cha barabarani, nililiita ziwa lao Nyasa, kama tuliitavyo kwetu, mbele ya askari, na matola nzima ikapekuliwa hadi kwenye magunia ya mihogo. Jumanne nilimwambia ofisa ustawi wa jamii kwamba mtoto aliugua dzana, kwa kanuni yangu ya j na dz, kumbe dzana yao ni juzi na jana yao ni dzulo, na faili likachafuka. Jumatano beberu alikula nakala ya andiko la choo, ukurasa wa michoro.

Mkuu wa wageni ameniandikia kutoka uwanja wa ndege. Amesema kamwe hajasikia zawadi ikiombewa kwa moyo kama ule, na kwamba ndugu zake, baada ya kutafakari maneno ya mkalimani, wanauliza: ni mbuzi tuliyempenda kiasi kile, au kuna jambo lingine?

Sikuwa tayari kueleza historia ya konsonanti za Kibantu kwa mtu anayesubiri ndege. Nimemtumia taarifa ya mistari miwili. Beberu ni mzima. Choo kimejaa.

Nimeituma jana. Jana yetu, si dzana yao.