Fremu Thelathini na Mama Mkwe

Kwa wiki sita nilikuwa nauawa kila usiku. Nauawa saa nne na robo, nauawa saa nne na nusu, na ikigonga saa tano nimeshakufa mara kumi na nane, zote mikononi mwa watu nisiowajua. Mama watoto akisikia kiti kinalia sebuleni anajua mumewe keshakwenda tena, anageukia ukuta na kuvuta shuka.

Gemu ni Counter-Strike 2. Watano kwa watano. Hawa wanatega bomu, wale wanalitegua, na wa kwanza kufikisha raundi 13 ndiye mshindi. Timu yetu ni mimi, mhasibu mwenye miaka 41 na kitambi cha vikao. Mpwa wa mke wangu, aliye chuoni Dodoma. Na vijana watatu wa kuokoteza, mara nyingi wa Afrika Kusini, kwa kuwa seva inayotupokea ipo Johannesburg. Vijana hao hunisema kwa Kizulu. Sikijui Kizulu, ila matusi hayajawahi kuhitaji mkalimani.

Kufa si neno. Nimekuwa nikifa tangu gemu hili litoke mwaka 2023. Kilichoniuma ni namba. Kwenye kona ya juu ya kioo nimeweka ile hesabu ya FPS, yaani kompyuta inachora fremu ngapi kwa sekunde, na kila usiku ilisoma 30. Si 28, si 34. Thelathini, imesimama wima kama askari wa gwaride. Ukiwa na 30, picha mpya inakufikia kila baada ya milisekunde 33. Mwenzako mwenye 144 anapata yake kila baada ya milisekunde 7. Yeye yuko dirishani anaona, mimi niko jikoni nasimuliwa.

Mama watoto aliwahi kuniuliza mbona sinema zinakwenda kwa fremu 24 na sijawahi kuzilalamikia. Nilimjibu kwamba kwenye sinema anayepigwa risasi si mimi.

Tatizo lilianza wiki ileile mama mkwe alipofika kutoka Pangani kutibiwa goti. Lakini mtu mwenye adabu zake haunganishi mambo mawili ya aina hiyo, kwa hiyo mzigo nikautwisha mfumo wa kompyuta, ambao nao wiki hiyo ulikuwa umejisasisha bila kuniomba ruhusa.

Aliyesema neno la maana ni mpwa wetu. "Anko, mashine mbovu haina namba. Mbovu ingekuwa inapanda na kushuka. Hii kuna mtu kaifunga."

Alikuwa sahihi, na msafiri yeyote wa mabasi ya mikoani angemwelewa. Barabara nyeupe, mbele hakuna gari, abiria wanamzomea dereva, na basi halivuki 80. Halijaharibika. Limefungwa. Swali likabaki moja: aliyefunga ni nani?

Wa kwanza kushukiwa akawa gemu lenyewe. Lina konsoli, kidirisha cheusi ambacho ukiandika humo fps_max 0 unaliamuru liachie breki zote. Nikaandika. 30. Nikaandika tena kwa kukandamiza vitufe, kama mtu mwenye rimoti iliyoishiwa betri. 30.

Wa pili akawa V-Sync. Huyu kazi yake ni kuisubirisha kompyuta mpaka kioo kiwe tayari kupokea picha nzima, isije ikaonekana imechanika katikati. Kioo kikiwa cha herzi 60 na mashine ikashindwa kuzifikia, V-Sync ya kizamani hukuteremsha hadi nusu yake, yaani 30. Moyo uliniruka. Hesabu imekubali! Mimi hesabu ikikubali huwa nafunga faili na kwenda kunywa chai.

"Lakini anko," mpwa wetu akasema, "kioo chako si cha 144?"

Naam, kioo changu ni cha 144. Nilikinunua Kariakoo miezi mitano kabla, kwa pesa ambayo mama watoto anaamini ilikwenda kwenye breki za gari. Siku nilipokileta niliwaita watu. Jirani yetu, mwalimu wa hisabati, nilimketisha mbele yake nikasogeza kishale kushoto na kulia. "Unaona kinavyoteleza?" Akaona. Akasema hata macho yake yamepumzika. Sasa nikafungua mipangilio ya kioo, nikashuka chini kabisa mahali pa herzi, nikakuta imeandikwa 60. Miezi mitano. Kiwanda kilikifanya kiweze 144, ila mfumo ulipoachiwa uchague wenyewe ulichagua 60, na hakuna mtu nyumbani aliyeubishia. Mwalimu sijamwambia hadi leo. Akija huwa anakisifia tena.

Nikapandisha hadi 144, nikamzima V-Sync, nikafungua gemu. 30.

Nikalifuta gemu lote na kulipakua upya. Lenyewe linataka nafasi ya GB 85, na bando la mwezi likaisha siku ya tatu ya mwezi. Watoto walikosa katuni, mimi nilikosa heshima.

Halafu yakazuka makubwa zaidi. Mara mbili laptopu ilizimika yenyewe katikati ya mpambano, tii, kama mtu aliyezimia. Counter-Strike hailijui neno kuzimika. Inalijua neno kutoroka. Mara ya kwanza nilifungiwa kucheza dakika 30, mara ya pili saa 2, kama mlevi anayewekwa ndani mpaka pombe imtoke. Nikasema basi, hili ni joto. Laptopu naiweka imefunikwa kwenye rafu ya chini ya meza, kioo kikubwa ndicho kinachokaa juu. Huko chini haipati hewa. Jumamosi nikaifungua mwenyewe kwenye sinia la pilau. Nikatoa vumbi la kutosha kupandia mchicha na mende mmoja aliyekauka akiwa ameinua miguu minne, nikapaka pesti mpya juu ya prosesa, nikafunga. Zilitoka skrubu 11. Zikarudi 10.

Nani hajawahi kubakiwa na skrubu? Niliiweka kwenye kifuniko cha soda pembeni ya kioo, nikijiambia kwamba huenda hata kiwandani iliwekwa kwa bahati mbaya.

Mwisho nikamwita fundi. Akaja mchana wa Jumapili, akavua viatu, akasalimiana na mama mkwe kwa kirefu, akawasha gemu. Namba ikasoma 240. Akanitazama. Mimi nikaitazama namba. Ikapanda 251. Mgonjwa wangu alikuwa amepona kwa kumwona daktari tu. Fundi akanywa juisi, akachukua nauli yake na kitu juu, na mlangoni akaniuliza kwa upole kama huwa ninalala vya kutosha. Usiku, mama mkwe alipoingia kulala nami nikabaki na bukta na singlendi, nikakaa kitini. 30.

Hiyo bukta ndiyo iliyobeba siri yote, ila sikuiona. Mbele ya mama mkwe sivai bukta na sipigi kelele za "Mmoja yuko kushoto, mmalize!" Kwa hiyo sikuwahi kugusa gemu kabla hajaenda chumbani kwake. Hata siku moja.

Kisha ikaja Alhamisi moja. Goti lilimsumbua, akaingia kulala mara tu baada ya Isha. Nikawasha mapema. Namba ikasoma 233. Niliweka paji la uso chini nikamshukuru Mungu, kisha nikaua watu wawili ndani ya raundi moja, jambo ambalo lilimfanya Mzulu mmoja aulize kama kiti kimekaliwa na mtu mwingine. Kwa furaha kiwiko kikagonga kifuniko cha soda. Skrubu ikaruka, ikapiga sakafu, ikavingirika nyuma ya kochi.

Nikasubiri nife kwanza, haikuchukua muda, nikapiga magoti nikaingia nyuma ya kochi gizani. Huko kuna soketi ya chini, ile ambayo chaja ya laptopu imechomekwa kwa sababu waya wake haufiki kwingine. Kioo kimechomekwa upande wa pili, kwenye ekstensheni pamoja na dekoda na televisheni. Soketi yangu ina swichi yenye kitaa chekundu, na kitaa kile kilikuwa shubiri moja kutoka puani mwangu, kimetulia, chaangaza buibui.

Nikasikia kanga. Kanga ya mtu mzima usiku ina sauti yake. Tochi ya simu ikamulika ukuta, mkono wenye bangili ukapita juu ya sikio langu, kidole kikabonyeza. Tuk. Kitaa kikafa.

Nikainua kichwa. Kwenye kona ya kioo, 233 ikawa 30.

"Shikamoo, mama," nikasema kutoka sakafuni.

"Audhubillahi!" Simu ikaanguka. "Baba! Ni wewe? Umeangusha nini?"

"Skrubu, mama."

"Skrubu." Akalitafakari neno hilo, na akatafakari na bukta. "Marahaba. Mimi nimekuja kuzima hiki kitaa. Kila siku nakizima, kesho yake nakikuta kimewashwa tena. Kinawaka kutwa kucha hiki, kinakula Luku ya watu bure."

Wiki sita. Laptopu ilikuwa inacheza kwa betri, na mashine za aina ile ukizikata kwenye chaja hujibana zenyewe. Betri haina ubavu wa kutoa umeme mwingi kama chaja ya wati 180, kwa hiyo draiva ya kadi ya michoro huwa na kipengele cha kutunza betri kinacholifunga gemu kwenye fremu 30. Betri ikikauka, tii. Kitaa cha tahadhari ya betri nacho kilikuwa kinawaka ubavuni mwa laptopu, ndani ya rafu, kikimwonya mende.

Ningeweza kumweleza mama kwamba kitaa kile, hata ukikipa nusu wati nzima, kwa mwezi hakimalizi nusu yuniti. Nilishaipiga hesabu kichwani nikiwa bado nimepiga magoti. Lakini mkwe haelezwi hesabu na mtu aliyevaa bukta. Tena kulikuwa na jambo jingine. Nyumba yetu iko kwenye kundi la D1, la watumiaji wadogo wasiozidi wastani wa yuniti 75 kwa mwezi, na kila mwezi tunaning'inia pembeni ya mpaka huo. Mwezi uliopita yuniti zilipungua, mama watoto akafurahi, na mimi nilimwambia ni matunda ya zile balbu za LED nilizonunua. Kumbe kulikuwa na mtu anazunguka nyumba nzima saa nne usiku kwa goti bovu, anazima swichi moja moja.

Asubuhi nikamweleza mama watoto kila kitu isipokuwa habari ya balbu. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akaenda kumwambia mama yake kwamba mashine ya baba watoto ya kazi za ofisini inahitaji ile swichi. Mama akakubali mara moja. Jioni nilipochungulia nyuma ya kochi, swichi ilikuwa imewashwa na juu ya kitaa pamebandikwa plasta ya kidonda, imekatwa vizuri kwa mkasi. Kitaa hakionekani, maana yake hakili.

Tangu hapo nacheza kwa fremu 200 na ushei. Ila kila usiku mama hutoka kuhakikisha plasta haijabanduka, na mimi siku hizi nacheza na msuli. Juzi alitoka tukiwa kwenye raundi ya mwisho. Wenzangu wote wamekufa, adui mmoja kabaki, bomu limetegwa, na ni mimi wa kulitegua. Bomu la gemu hili hulipuka baada ya sekunde 40.

"Shikamoo, mama."

Mpwa wetu akasikia huko Dodoma. "Anko, huyo bibi? Mpe nimsalimie!"

Ungefanyaje? Nilivua hedifoni nikamvisha.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Wa huko hawajambo? Masomo je? Umekula? Umekula nini? Na wenzio wamekula?" Nilikuwa nakimbia kuelekea kwenye bomu bila sauti, sisikii nyayo, sisikii chochote ila salamu za Pangani, ambazo sekunde 40 hazitoshi hata kuwaulizia kuku. Walikuwa ndiyo kwanza wamefika kwa shangazi wa Muheza bomu lilipolipuka ndani ya masikio ya mama.

Akaivua hedifoni kwa mikono miwili. "Transfoma hiyo!" akasema, na kabla sijafungua mdomo alikuwa keshainama nyuma ya kochi, goti na yote, anabandua plasta ili aione swichi vizuri.

Tuk. Kule juu kwenye kona, 30.