Tunaomba Kazi ya Kudumu ya Kuhojiwa

Kwa Waheshimiwa Waandaaji wa Sensa na wa Utafiti Shirikishi wa Ulemavu, Kenya,

Pokeeni pongezi zetu. Sensa ya 2009 iliwakuta Wakenya wenye ulemavu ni asilimia 3.5 ya watu wote, zaidi ya milioni 1.3. Ile ya 2019 ikawakuta asilimia 2.2 tu ya wenye miaka 5 na zaidi, watu 918,270. Ndani ya miaka kumi, huku Wakenya kwa jumla wakiongezeka kwa mamilioni, sisi zaidi ya laki nne tumepona, bila dawa, bila upasuaji, bila hata mkutano wa injili uwanjani. Shirika la Afya Duniani, ambalo pengine halijapata habari hizi njema, lilisema mwaka 2022 kwamba takriban asilimia 16 ya wanadamu wana ulemavu. Sensa ya Tanzania ya mwaka huohuo ilipata asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na zaidi. Anayevuka Namanga kwenda Arusha basi ajihadhari, maana akikanyaga upande wa pili uwezekano wa kuwa na ulemavu unamwongezeka mara tano papo hapo.

Mtatuambia kwamba hakuna aliyepona, kilichobadilika ni swali. Tunajua. Mwaka 2019 yalitumika maswali sita mafupi ya Kundi la Washington la Takwimu za Ulemavu, kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Wakaachwa watoto wa chini ya miaka 5. Akahesabiwa yule tu aliyejibu kwamba ana ugumu mkubwa au hawezi kabisa. Mwenye ugumu kiasi akarudishwa kwa wazima. Mtaongeza, na ni kweli, kwamba maswali hayo yanatumika katika nchi nyingi na yanasaidia kulinganisha. Hatuyakatai. Lakini orodha hiyo fupi haiulizi lolote juu ya wasiwasi wala msongo wa mawazo, na karani wa sensa kwa kawaida humuuliza mkuu wa kaya. Binti kiziwi amekaa palepale mkekani, anaona midomo ya babake ikienda, na ulemavu wake unaamuliwa na mzee aliyekwisha kupokea barua ya posa na hataki jirani asikie habari za uziwi wa binti. Swali hubeba nusu ya jibu. Mike Oliver, msomi wa Uingereza aliyetumia kiti cha magurudumu, alilionyesha hilo mwaka 1990 alipozichukua hojaji za serikali yake akazigeuza. Palipoulizwa una maradhi gani yanayokufanya ushindwe kushika na kufungua vitu, yeye akauliza ni kasoro gani katika chupa na makopo inayokufanya ushindwe kuvifungua. Mkono ni uleule, ila jibu la kwanza linampeleka mtu hospitali, na la pili linampa kazi mtengenezaji wa makopo na mtunga sera.

Ninyi mnasema utafiti wenu ni shirikishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zetu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unadai kwenye ibara ya 4(3) kwamba tushauriwe kwa karibu na tuhusishwe kupitia mashirika yanayotuwakilisha. Na mwaka 2018 kamati ya mkataba huo ikafafanua kuwa hayo ni mashirika yanayoongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe, si yale yanayotusemea. Sasa tazameni mambo yanavyokuwa. Hojaji imechapishwa kabla hatujaitwa. Ukumbi uko orofa ya tatu, na lifti imebandikwa karatasi. Vijana wanne wanampandisha mtu ngazini pamoja na kiti chake kama jeneza, na mpiga picha anatangulia akirudi kinyumenyume ili asikose uso. Mkalimani wa lugha ya ishara hayupo kwa sababu ya bajeti, ingawa ibara ya 120 ya Katiba imeifanya lugha hiyo kuwa moja ya lugha tatu rasmi za Bunge. Chai ya saa nne ipo. Jioni tunatia sahihi, tunapokea nauli, halafu kimya. Ripoti ikitoka ina uso wa mwenzetu kwenye jalada, na ndani yake sentensi moja ya shukrani kwa “jamii”. Huo si ushirikishi. Ni wizi wenye fomu ya ridhaa.

Samahanini, tulikuwa kwenye adabu. Ombi letu kubwa ni moja. Kwa kuwa mnatuhitaji kila mwaka wa fedha, tunaomba kuajiriwa rasmi, kazi ya kudumu yenye pensheni, kama wahojiwa. Muundo wa utumishi tumeshauandaa. Anayeanza ataitwa Mhojiwa Daraja la Tatu. Kazi yake ni kutaja umri, aina ya ulemavu na changamoto anazopitia, kisha kungoja. Akifikisha miaka mitatu bila kuuliza matokeo yako wapi, atapandishwa kuwa Mhojiwa wa Picha, cheo chenye posho ya tabasamu, na posho ya ziada kwa siku ambazo mfadhili anapendelea huzuni. Juu yake atakuwepo Mhojiwa Mwandamizi, aliyefuzu kusimulia maisha yake yote kwa dakika tatu na kutokwa na machozi katika dakika ya pili na nusu. Kilele cha kazi ni Mhojiwa Mkuu, anayeketishwa meza ya mbele wageni rasmi wakihutubia, na kutikisa kichwa kila linapotajwa neno ujumuishi. Patakuwa na bima ya kubebwa ngazini. Patakuwa na likizo ya siku thelathini ambazo ni marufuku mtu yeyote kumuuliza kama alizaliwa hivyo au ilikuwa ajali. Na siku ya kustaafu, badala ya saa ya ukutani, akabidhiwe nakala ya kila ripoti aliyochangia, kwa breli kama haoni, ili hatimaye ajue alisema nini.

Mkishacheka, mtatuambia kwamba kumlipa mhojiwa kunaharibu data, kwamba atasema mnachotaka kusikia. Hoja hiyo ingekuwa nzito zaidi kama ninyi msingelipwa. Mshauri elekezi hulipwa na mwenye mradi, na hatujasikia akishukiwa kwamba hela zimempinda ulimi. Mtasema aliye ndani ya jambo halioni sawasawa. Mbona madaktari wanatafiti udaktari na hakuna anayeguna? Mtasema hatuna utaalamu wa takwimu. Wengi wetu hatuna, sawa na Wakenya wengi. Ila ubia wa kweli haudai kila mmoja ajue kukokotoa. Unadai kwamba ajuaye kukokotoa na ajuaye ngazi zilipo wakae meza moja tangu swali linapotungwa, wagawane bajeti, na majina yao yote yaandikwe kwenye ripoti. Tena wapo wenzetu wenye shahada za takwimu. Mnawajua, maana mliwahoji kuhusu ukosefu wa ajira.

Na msidhani tunagombea heshima tu. Ibara ya 54 ya Katiba inaitaka serikali ihakikishe, hatua kwa hatua, kwamba angalau asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa ni watu wenye ulemavu. Hiyo asilimia 2.2 ikikaa vitabuni muda wa kutosha, atasimama mtu mwenye tai aseme tunapendelewa zaidi ya mara mbili ya idadi yetu, na jedwali lenu litakuwa mkononi mwake. Nani atamjibu? Yule mliyemhesabu mzima kwa kuwa anasikia kwa taabu kiasi, naye hajawahi kulipata tangazo lolote la redioni likiwa kamili? Mlimfuta kwa kidole kimoja kwenye kishikwambi, mkaenda kula.

Maombi mengine ni madogo. Warsha ziwe chini. Rampu isiwekwe vyungu vya maua. Mwenye uso aulizwe kama anataka kuwa jalada. Neno shirikishi litozwe ushuru. Mwendo wa miaka kumi ukifuatwa, sensa inarudi 2029. Rasimu ya maswali tunaiomba kabla haijaingizwa kwenye vishikwambi, na mkalimani alipwe tangu kikao cha kwanza. Jibu lenu litumwe kwa maandishi yanayosomwa na programu za kusoma skrini. Barua iliyopigwa picha pamoja na muhuri wake hatutaihesabu kuwa jibu.

Wenu,
Wahojiwa