Ofa ya Sikukuu

(Duka moja la Kinjumbi, wilayani Kilwa, siku nne kabla ya Idi ya kuchinja. Mwenye duka amekwenda kuswali Isha. Juu ya kaunta amekaa Mizani, mkongwe wa duka. Pembeni yake, kwenye kamba, ananing'inia Boksi: kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa kwa kalamu nene, OFA YA IDI! CHUPA YA CHAI 25,000, SASA 18,000. Ile 25,000 imekatwa mstari mwekundu. Nje, chini ya mwembe, kafungwa Beberu.)

BOKSI: Shikamoo, bibi.

MIZANI: Marahaba. Una adabu leo. Jana tumeshinda wote hapa hukunisalimu.

BOKSI: Jana nilikuwa boksi la sabuni, bibi, nilikuwa sina la kusema. Leo nina cheo. Umewaona watu walivyojaa mbele yangu?

MIZANI: Nimewaona. Nimemwona na mwenye duka alipokuwa anakuandika. Chupa hiyo mwezi uliopita ilikuwa 15,000. Hiyo 25,000 iliuzwa lini, na aliyenunua nani?

BOKSI: Haikuuzwa. Imezaliwa leo asubuhi, ikafa leo asubuhi. Kazi yake ni kufa watu wakiona.

MIZANI: Innalillahi.

BOKSI: Usicheke, ndiyo biashara ya kisasa. Ukoo wetu mkubwa uko Marekani. Kule wana Ijumaa yao mwishoni mwa Novemba, siku inayofuata Sikukuu ya Shukrani, watu wanapanga foleni nje ya maduka tangu usiku. Wanaiita Black Friday.

MIZANI: Ukoo huo ulishawahi kuja Tanzania. Jumia walituletea maduka ya mtandaoni na Ijumaa zao, kisha wakafunga biashara yao nchini tarehe 27 Novemba 2019. Ijumaa yenyewe mwaka ule ilikuwa tarehe 29.

BOKSI: Masikini! Siku mbili tu!

MIZANI: Huku Kinjumbi hakuna aliyepeleka rambirambi. Haya, niambie: 15,000 imefikaje 18,000 ikaitwa punguzo?

BOKSI: Gharama za usafiri, bibi. Mzigo unatoka Kariakoo.

MIZANI: Wimbo huo naujua beti zote. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, tuliambiwa bei iko juu kwa sababu ya kivuko. Daraja likaja, tukaambiwa ni vumbi na matope ya Ndundu mpaka Somanga. Lami ikaja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapita, barabara ikakatika Somanga, bei ikapanda, na hapo hatukulaumu. Barabara ikaunganishwa.

BOKSI: Ndiyo.

MIZANI: Na bei?

BOKSI: Nadhani haijapata taarifa.

BEBERU (kutoka nje): Bibi, shikamoo! Samahani kwa kuingilia. Mimi nasikia ofa, ofa, toka asubuhi. Mbona mimi sina ofa? Mwezi wa Ramadhani nilikuwa na bei ya kawaida, sasa nimepanda karibu mara mbili na hakuna aliyenikata mstari mwekundu.

MIZANI: Marahaba, mwanangu. Wewe mstari mwekundu utaupata, subiri sikukuu.

BEBERU: Hilo nimeshalikubali. Wazee wangu walifika huku na wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006, wakaambiwa waelekee Lindi. Tumezoea kuhamishwa. Ninachotaka kusema ni kuhusu hiyo chupa. Leo wamekuja wanaume watatu kuniangalia. Wa kwanza kanifungua mdomo kahesabu meno, maana kwa Mashafii mbuzi wa kuchinja awe ametimiza miaka miwili. Wa pili kanizungusha mti mara tatu aone kama nachechemea. Wa tatu kanikazia macho mpaka nikaona haya, anatafuta chongo. Wakanipapasa mbavu: aliyekonda mno hafai, mgonjwa hafai. Halafu wakaniacha waende wakaulizie bei ya ndugu yangu kule kwa jirani.

BOKSI: Ushamba huo.

BEBERU: Ushamba? Hao hao wameingia humo dukani, wamekusoma wewe, wametoa pesa. Hakuna aliyefungua kifuniko. Hakuna aliyemimina maji ya moto kuona kama chupa inashika joto au inatoa jasho. Hakuna aliyeuliza jirani anauza ngapi. Mimi nitakaa nao siku nne napekuliwa kama jambazi; chupa itakaa nao miaka, imenunuliwa kwa kusomewa.

MIZANI: Sema tena, huyu asikie.

BOKSI: Nasikia, ila watu wamefurahi. Yule mama wa khanga ya kijani alitoka anacheka. Kaokoa 7,000.

MIZANI: Yule mama? Wewe ulikuwa unaangalia mlango, mimi nilikuwa juu ya kaunta, nimesikia kila neno. Hakutoa hata senti.

BOKSI: Sasa kachukuaje chupa?

MIZANI: Kwa ufuta. Ufuta wenyewe bado uko shambani, umekatwa, umefungwa vitita, umesimamishwa ukauke. Haujakung'utwa hata. Kaandikwa kwenye daftari: chupa moja, 18,000, atalipa kilo 12.

BEBERU: Kilo 12? Hiyo ni 1,500 kwa kilo!

MIZANI: Mbuzi anajua hesabu kuliko wateja. Tuseme mnadani, kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ufuta ukakamata 2,500 tu. Kilo 12 ni 30,000. Kwa hiyo chupa ya 15,000, iliyopandishwa kwa mdomo ikawa 25,000, ikashushwa kwa kalamu ikawa 18,000, yule mama kainunua 30,000. Ofa imo humu dukani kweli, ila aliyeitoa ni yeye. Kampunguzia mwenye duka 12,000, na akamshukuru.

BOKSI: Kumbe mimi nimeandikwa upande usio wangu.

BEBERU: Hiyo si ndiyo kangomba?

MIZANI: Ndiyo hiyo hiyo, wengine huita chomachoma. Kwenye korosho iliwahi kutikisa nchi. Novemba 2018 Serikali iliposema itanunua korosho zote kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likazibeba, ilibidi kila aliyeleta zaidi ya kilo 1,500 akahakikiwe shamba. Walitokea wakulima wakubwa wasio na mkorosho hata wa kivuli.

BOKSI: Basi yule mama ana makosa. Kwa nini asisubiri mnada?

MIZANI: Hapo usimlaumu upesi. Mnada una siku yake, ukishapita kuna makato, halafu pesa zinasubiriwa benki. Sikukuu haisubiri. Na tazama kalenda: Idi hurudi nyuma siku kumi, kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2023 Idi ya kuchinja ilikuwa mwishoni mwa Juni, 2024 katikati ya Juni, 2025 mwanzoni mwa Juni, na sasa inaingia Mei. Ilikuwa inakuta minada imechangamka. Sasa inatangulia pesa. Watoto wanataka nguo, wageni wanakuja, ufuta umesimama shambani. Mwenye daftari anaijua kalenda hiyo kuliko imamu.

BEBERU: Na siku akileta hizo kilo 12, nani atazipima?

(Kimya.)

BOKSI: Bibi, unaulizwa.

MIZANI: Nitapima mimi.

BOKSI: Na hicho kibati kilichobandikwa chini ya sahani yako?

MIZANI: Ni... urembo.

BOKSI: Wakala wa Vipimo wanatakiwa wakukague kila mwaka wakupe stika. Hiyo stika yako ni ya mwaka gani?

MIZANI: Macho yangu ya uzee hayasomi vizuri.

BOKSI: Mimi ni maandishi, nasoma vizuri sana. Nikusomee?

MIZANI: Acha. Kilo 12 za yule mama nitaziita 11, atarudi nyumbani kuongeza. Nimeamrishwa. Lakini wewe uliyezaliwa leo usinipe somo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bei. Ile 25,000 uliyoivaa kifuani ni kosa lenye kamba na msumari.

BEBERU: Na risiti? Nimesikia wimbo redioni: ukiuza toa, ukinunua dai.

MIZANI: Risiti hapa hutolewa ukiidai mara ya tatu, na mara ya pili mtandao unakuwa chini.

BOKSI: Mnanionea. Dukani kote nimepandisha kitu kimoja tu. Viatu vya watoto havijaandikwa ofa na vimepanda vilevile. Sukari imepanda kimya kimya. Angalau mimi napiga kelele.

BEBERU: Ana hoja huyu.

MIZANI: Anayo. Mwizi mwenye ngoma si mbaya kuliko mwizi mwenye soksi. Ila mtu akitaka nafuu ya kweli mbona ipo? Nguo za watoto zinunuliwe pesa ya korosho ikiingia, Novemba au Desemba, Idi haipo hata kwa harufu. Majirani wachange, mmoja aende Kariakoo na orodha, nauli igawanywe. Wacheze upatu, kijumbe ampe zamu yake mwenye shida kabla ya sikukuu, ili daftari la duka libaki jeupe. Na chupa ichunguzwe kama beberu: kifuniko, maji ya moto, na bei ya jirani.

BOKSI: Ukiwafundisha hivyo, mimi nitarudi kuwa boksi la sabuni.

BEBERU: Wewe angalau utarudi kuwa kitu.

MIZANI: Nyamazeni, anakuja. Beberu, lia kidogo asije akajua tulikuwa tunaongea. Wiki moja baada ya Idi chupa hiyo itarudi 15,000, bila boksi na bila mstari mwekundu. Mwenye kuweza kusubiri asubiri, chai ya sikukuu aazime chupa kwa jirani.