Kitanda Hakipo: Sifa za Metafizikia

Wanaolalamikia bei ya elimu ya juu hawajapiga hesabu ya metafizikia. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Bukhara, alikisoma kitabu cha Aristotle cha somo hilo mara 40, akakihifadhi kwa moyo, na bado hakukielewa. Siku moja, kwenye soko la wauza vitabu, dalali akamng'ang'aniza kijitabu cha mwanafalsafa Al-Farabi juu ya kitabu hichohicho. Akakataa, kwa kuwa alishakata tamaa na elimu ile. Dalali akambembeleza, mwenye kitabu ana shida ya pesa, dirhamu 3 tu, akanunua. Alipokisoma nyumbani fundo likafunguka, na kesho yake akatoa sadaka kwa maskini. Sasa nitajieni kozi nyingine ambayo kitabu kimoja kinamkalia mtu muda wote huo. Mwenzetu wa uhasibu kila mara anatakiwa kutafuta toleo jipya. Wa metafizikia anarithi desa lililotolewa kopi mpaka herufi zimefifia, na kurasa mbili zikikosekana haelewi kwa kiwango kilekile.

Lakini bei ni sifa ndogo. Sifa kubwa ya metafizikia ya juu, ile ya mwaka wa tatu kwenda uzamili, ni kwamba imetungwa kwa ajili ya mtu asiye na kitu.

Tuanze na malazi. Aliyekosa chumba hosteli hubebwa na rafiki: wawili godoro moja la futi mbili na nusu, mguu wa huyu ubavuni mwa yule. Wa sheria atakwenda ofisini kudai haki. Wa metafizikia atafungua Material Beings, kitabu alichokitoa Mmarekani Peter van Inwagen mwaka 1990, na humo atakuta kwamba meza, viti na vitanda havipo. Vilivyopo ni chembe zisizogawanyika, zilizojipanga kwa mtindo wa kitanda. Na zaidi ya hizo, viumbe hai. Kwa hiyo chumbani mna wanafunzi wawili, hilo halina ubishi, na kitanda hamna. Msimamizi wa hosteli amekuwa akisema hivyohivyo tangu muhula uanze, wala kitabu hajakiona.

Kuchelewa kipindi nako kuna dawa. J. M. E. McTaggart wa Cambridge alitoa mwaka 1908 hoja kwamba wakati si kitu halisi. Tukio moja haliwezi kuwa lijalo, lililopo na lililopita, alisema, kwa maana hizo ni sifa zinazokataana. Na bado kila tukio linadaiwa kuwa nazo zote tatu. Ukimjibu kwamba linazo kwa zamu, zamu hizo zimetoka wapi kama si katika wakati uleule unaotaka kuuthibitisha? Nimekaa na hoja hii kwenye kimbweta jioni nzima nisione inapovuja, ingawa giza liliingia kama kawaida yake.

Halafu kuna mjomba na swali lake la kila sikukuu: ukimaliza utafanya kazi gani? Hapo anafaa John Mbiti. Katika African Religions and Philosophy, mwaka 1969, kasisi huyu Mkenya alidai kwamba wakati wa Mwafrika wa jadi una pande mbili, Sasa na Zamani, na wakati ujao wa mbali ni kama haumo. Wasomi wengi wamempinga, akiwamo Kwame Gyekye wa Ghana, nami darasani nimo upande wao. Mbele ya mjomba, hapana. Shikamoo mjomba, wakati ujao haumo.

Bumu, yaani pesa ya mkopo wa mwanafunzi, likichelewa, ndugu yako ni mwanafalsafa David Lewis. Mwaka 1970 yeye na mkewe Stephanie waliandika mazungumzo ya wawili, Argle na Bargle, wanaobishania kama matundu ya jibini ni vitu. Argle, asiyekubali chochote kisicho maada, anajikuta akitetea kwamba tundu ni ule ukingo unaolizunguka. Basi suruali iliyotoboka mifuko si dalili ya ufukara. Ni mali, na kila ikifuliwa inaongezeka. Tena mwaka 1986 Lewis akatoa On the Plurality of Worlds, akitetea bila mzaha kwamba kila ulimwengu unaowezekana upo kweli, sawasawa na huu. Kuna ulimwengu, basi, ambamo bumu liliingia siku ya kwanza ya muhula. Lewis alikiri kwamba wengi hawakumjibu kwa hoja, walimkodolea macho tu. Mama ntilie nilipomweleza alifanya vivyo hivyo, mkono ukiwa bado juu ya mfuniko wa sufuria. Pana kadosari kadogo: aliyepokea pesa kule si wewe, ni mfano wako, na kati ya ulimwengu na ulimwengu hakuna kinachopita. Hata M-Pesa haifiki.

Maadui wa metafizikia hawakukosekana. David Hume mwaka 1748 alitaka vitabu vya namna hii vitupwe motoni. Rudolf Carnap mwaka 1932 aliwaita wanametafizikia wanamuziki wasio na kipaji cha muziki. Wote wawili leo wamo kwenye maswali ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ya somo hilohilo, na kuna waliopata sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa ajili yao.

Wahitimu nao hawakusahauliwa. John Locke, katika toleo la pili la kitabu chake An Essay Concerning Human Understanding, mwaka 1694, alieleza kwamba mtu ni yuleyule wa jana kwa kadiri fahamu yake inavyorudi nyuma kuyafikia matendo ya jana. Asiyekumbuka hata chembe kusaini fomu ya mkopo ana hoja nzuri kwamba aliyekopa ni mtu mwingine. Sijasikia kwamba Bodi ya Mikopo ya Tanzania inamsoma Locke; yenyewe hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, nafsi iwe ileile isiwe ileile. Hata hapo somo halimtupi mwanawe. Mshahara, ili ukatwe, sharti kwanza uwepo.