Uniti 75 za Mnyonge

Katika bei za umeme za Tanzania, daraja la D1 ni la mnyonge: asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, kodi kando. Akizidisha, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mita, lakini, huhesabu uniti, si vichwa. Nyumba ya vyumba sita Manzese, yenye mita moja ya LUKU, friji ya mama wa barafu na pasi inayozunguka chumba hadi chumba, huzimaliza 75 mwezi ukiwa mbichi. Ikizoea hivyo, huhamishiwa daraja la T1, shilingi 292 kwa kila uniti. Jumba la mapumziko Bagamoyo, lenye taa ya getini na mlinzi anayechaji simu, hubaki D1. Kwa mujibu wa mita, mwenye jumba ndiye mnyonge.