Tupotezeeni na Ngoma

Kwa Wadhamini wa British Museum, London

Waheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUPOTEZEWA NGOMA MOJA

Juzi usiku nilikuwa naosha vigae kwenye karai, redio ikapiga wimbo wa zamani unaowataja. Ni “A Foggy Day” wa ndugu wawili, George na Ira Gershwin, aliouimba Fred Astaire katika filamu ya 1937. Jamaa yuko London peke yake, ukungu umetanda, na hata jumba lenu limepoteza mvuto wake. Wenye masikio mazima husikia mapenzi hapo. Mimi ni mwanaakiolojia, yangu yameharibiwa na kazi. Kwa Kiingereza neno la mvuto, “charm”, ndilo hilo hilo la hirizi, nami nikasikia ripoti ya stoo: hirizi moja, haionekani. Nikaweka brashi chini. Ilikuwa namba ngapi? Ilitoka tabaka lipi? Nani aliitilia sahihi mara ya mwisho?

Nikacheka, kisha nikakumbuka Agosti 2023. Ninyi wenyewe mlitangaza kwamba kuna vitu vimetoweka, vimeibwa au vimeharibiwa, hesabu ikafika kama 2,000: vito na vidani, vingi havijawahi kuingia daftarini. Muuza vitu vya kale mmoja wa Denmark alikuwa amewaonya tangu 2021 kwamba anaviona vikiuzwa eBay. Mkamjibu kwamba vyote vipo. Kimoja, magazeti ya kwenu yaliandika, kilikadiriwa kuwa na thamani ya pauni 25,000 au zaidi, kikanadiwa kwa pauni 40. Mkurugenzi akajiuzulu. Watunzi wa wimbo walikuwa wamewatangulia kwa miaka 86.

Sisi huku mashimoni, tukichekecha udongo siku nzima na wavuni ikabaki shanga moja, ndogo kama punje ya mtama, kazi yote husimama. Hupimwa kina, huandikwa tabaka, hutiwa kifukoni na kikaratasi cha penseli, maana wino hauaminiki penye unyevu. Kijana wangu mmoja aliwahi kuangusha moja; alitambaa na tochi hadi magharibi. Ninyi mna vitu kama milioni 8, na mnavyoonyesha ni kama 80,000. Vingine vimelala.

Kati ya vilivyolala ni ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana. Maofisa wa kikoloni waliitwaa 1902, ikawafikia ninyi 1908, na imekaa stoo zaidi ya karne. Wenyewe wameiomba. Jibu huwa ni sheria yenu ya 1963, ambayo haiwaruhusu kutoa mali ya jumba isipokuwa kwa sababu chache, kama vile kitu kuwa nakala ya kingine. Ndiyo maana mwaka 2024 dhahabu ya Waasante wa Ghana ilitoka kwenu kwenda Kumasi kwa mkopo wa miaka 3. Mwenye mali akakopeshwa mali yake, na nadhani alitakiwa kushukuru.

Mwaka huo huo wa 1963, Waheshimiwa, Kenya ilipata uhuru na wimbo wa taifa. Sauti ya wimbo ule ilitoka kwa Wapokomo hao hao. Ni wimbo wa kubembelezea mtoto. Kwa hiyo bembelezi yao imeisimamisha nchi nzima wima, mikono ubavuni, na ngoma yao ndiyo mliyoilaza.

Nimeisoma sheria yenu kwa makini, kama nisomavyo ukuta wa shimo. Inakataza kutoa. Sikuona mahali inapokataza kupoteza, na kazi hiyo mmeonyesha mnaiweza.

Basi ombi langu ni dogo. Tafadhalini, ipotezeni na ngoma. Msiitishe mkutano, msiunde kamati. Isahauliwe mlangoni, ipakiwe kwa makosa, ipotelee bandarini Mombasa. Mabasi ya kwenda Tana River hayakosekani, na ikibidi kulipia, zile pauni 40 tutachanga.